Mwanangu, Kwanza Mlango

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia. Unasema kamati ya sinagogi unakofanya kazi imekuuliza kama uko tayari kusomea kibali cha silaha. Wangependa mtu anayefungua mlango siku ya Sabato awe na bastola kiunoni. Na wewe, tangu wakuulize, umeanza kufikiria kununua nyingine ya kuweka nyumbani. Unataka nikujibu kabla ya Jumapili, maana nafasi za darasa zinajaa.

Nitakujibu. Lakini niache nizungumze kwa mwendo wangu, kama tulivyokuwa tukikaa baada ya chakula cha usiku, wewe na maswali yako, mimi na chai yangu. Jambo hili halitaki mbio. Na najua wenzako wengi, watoto wa huku kwetu wanaofanya kazi za ulinzi na usafi huko Marekani, wanaulizwa maswali kama haya bila mzee karibu. Nakuandikia wewe, na wao wasome.

Kwanza, sitakulaumu kwa kuogopa. Hofu yako ina sababu.

Tarehe 27 Oktoba 2018, asubuhi ya Sabato, mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la Tree of Life, mtaa wa Squirrel Hill, Pittsburgh. Ndani mlikuwa na jumuiya tatu zinazosali chini ya paa moja. Aliua watu 11. Mkubwa wao alikuwa bibi wa miaka 97. Miezi sita baadaye, siku ya mwisho ya Pasaka ya Kiyahudi, kijana wa miaka 19 alishambulia sinagogi la Poway, California. Alimuua mama mmoja, akamjeruhi rabi mikononi. Kijana huyo huyo, wiki chache kabla, alikuwa amejaribu kuchoma msikiti katika mji wa Escondido. Hilo usilisahau, mwanangu. Anayemwinda Myahudi akisali, mara nyingi sisi Waislamu pia tumo katika orodha yake.

Kisha ikaja 7 Oktoba 2023. Hamas waliua watu wapatao 1,200 huko Israeli, na vita vilivyofuata Gaza vikaua Wapalestina makumi ya maelfu. Hasira ya vita vile ikavuka bahari na kuwamwagikia watu ambao hawakuwa na mkono ndani yake. Mei 2025 vijana wawili wa ubalozi wa Israeli waliuawa nje ya jumba la makumbusho ya Kiyahudi mjini Washington. Ndiyo maana watu wa sinagogi lako, ambao baba zao hawakuwahi kushika bunduki, leo wanapanga foleni kwenye viwanja vya kulenga shabaha. Hawajapata wazimu. Wanahesabu watoto wao kila wanapoingia ndani.

Wala usiseme wewe si Myahudi, kwa hiyo hayakuhusu. Aprili 2014 mtu mmoja aliyewachukia Wayahudi alikwenda Overland Park, Kansas, akapiga risasi kwenye kituo cha jamii yao na kwenye makazi ya wazee. Aliua watu watatu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Myahudi.

Na sisi wa Pwani tulilijua hilo mapema. Ulikuwa bado mdogo, lakini labda unakumbuka nilivyorudi nyumbani usiku wa tarehe 28 Novemba 2002. Asubuhi ile gari lenye mabomu lilivunja kizuizi cha hoteli ya Paradise pale Kikambala, ambako wageni kutoka Israeli walikuwa wamefika muda huo huo. Sisi polisi tulipelekwa kuzuia barabara. Nilinusa makuti yaliyoungua kabla sijaona kitu chochote. Waisraeli watatu walikufa, wawili kati yao watoto. Wakenya waliokufa walikuwa 10. Kulikuwa na wachezaji ngoma waliosimama mlangoni kuwapokea wageni. Watu wa kijiji, waliokwenda kazini wapate unga wa jioni.

Anayesimama mlangoni ndiye anayekutwa wa kwanza. Leo huyo ni wewe. Kwa hiyo usidhani ninalipima jambo hili kwa wepesi.

Unakumbuka yule mzee wa sinagogi aliyetualika chakula nilipokuja kukutembelea? Nilijifunza mengi mezani kwake kuliko nilivyojifunza katika kozi nyingi. Ilikuwa jioni ya siku ya kazi. Tulipomaliza kula, kabla hajaanza dua ya kushukuru, alichukua kitambaa akakifunika kisu cha mkate. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ni desturi yao ya zamani. Madhabahu katika Torati ilikatazwa kujengwa kwa mawe yaliyochongwa na chuma, kwa sababu chuma hufupisha maisha na madhabahu imewekwa kuyarefusha. Meza ya nyumbani nayo huhesabiwa kama madhabahu. Basi kisu kinafunikwa.

Mpwa wake alikuwa pale. Kijana mwenye heshima, lakini damu ilikuwa inamchemka. Akasema, mjomba, kufunika visu ndiko kulikotufikisha pabaya. Akataja Novemba 1938, Ujerumani. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 masinagogi yalichomwa nchi nzima, na tarehe 11 ikatoka amri ya kumkataza Myahudi kumiliki silaha yoyote. Akataja Warsaw, Aprili 1943, vijana wa Kiyahudi mia kadhaa wenye bastola chache na mabomu ya kutengeneza kwa mkono wakalizuia jeshi la Ujerumani kwa karibu mwezi mzima. Akasema kama wangekuwa na silaha mapema! Akaongeza kwamba sheria yao yenyewe haimwambii mtu akae asubiri kuchinjwa. Katika kitabu cha Kutoka, mwenye nyumba aliyemuua mwizi avunjaye usiku hana hatia ya damu, na Talmudi inamruhusu mtu kumwahi anayekuja kumuua.

Mzee hakubisha. Alisema yote hayo ni kweli. Kisha akasema Torati hiyo hiyo, katika Kumbukumbu la Torati, inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari yake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba. Na wanazuoni wao waliitanua amri ile. Wakasema usifuge mbwa mkali ndani, wala usiache ngazi mbovu imesimama ukutani. Kila kitu cha hatari kinachoingizwa nyumbani kinataka ukingo wake kwanza. Akamgeukia mpwa wake, akamuuliza: umenunua bastola, ukingo wake uko wapi?

Binti wa mzee naye alikuwa na lake. Alisema hofu yake ni nyingine kabisa. Katika sinagogi lao wapo Wayahudi Weusi. Watu wakishika silaha mlangoni huku wameshikwa na wasiwasi, nani atakayetazamwa vibaya kwanza? Alisema hivyo akikutazama wewe. Labda hukuona. Mimi niliona.

Nimekusimulia yote haya ili ujue kwamba wenyewe hawajakubaliana. Meza moja, familia moja, mawazo matatu, na kila mmoja anasimama juu ya Torati ile ile. Usijitwike uamuzi ambao jumuiya yenyewe bado inauzungumza. Kamati ikikuuliza wewe, mfungua mlango, ubebe silaha, huenda ni kwa sababu wao kwa wao wameshindwa kuamua nani abebe.

Sasa nikuambie ninachokijua mimi.

Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika chumba kidogo chenye dirisha la nondo. Ghala la silaha. Askari anakuja kabla ya zamu, anataja namba yake, ninampa bunduki, tunahesabu risasi pamoja, anatia saini. Akirudi, anaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga. Anatoa magazini. Anavuta koki. Ananionyesha chemba. Ninatazama, halafu ninatia kidole changu ndani. Jicho la mtu aliyechoka linaona linachotaka kuona. Kidole kinagusa kilichopo.

Tulifanya hivyo kila siku, kwa kila mtu, hata kwa mkubwa wa stesheni. Watu waliozoezwa, waliolipwa kwa kazi hiyo, na bado tulikuwa na mchanga kwenye pipa kwa sababu tulijua siku moja mtu atasahau. Wewe unataka kuubeba mzigo ule ule baada ya darasa la mwisho wa juma, huku unabeba viti, unafagia, unawasaidia vikongwe kupanda ngazi, na watoto wanakukumbatia kiunoni kila Jumamosi. Fikiria mahali bastola ilipo mtoto anapokukumbatia kiunoni.

Utaniuliza, je, bunduki haijawahi kuokoa mtu? Imewahi, na sitakuficha. Kule Poway alikuwepo askari wa mpakani, nje ya zamu yake, akalipiga risasi gari la mshambuliaji alipokuwa akikimbia. Lakini kabla yake, aliyemkimbiza yule kijana kutoka ndani alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyemwendea mikono mitupu akimpigia kelele. Mmoja alikuwa na silaha, mwingine hakuwa nayo. Wote wawili walikuwa na mazoezi ya miaka.

Tazama basi yaliyookoa watu mahali pengine.

Huko Halle, Ujerumani, tarehe 9 Oktoba 2019, Siku ya Upatanisho, watu zaidi ya 50 walikuwa ndani wakisali. Mtu alikuja na bunduki na vilipuzi. Ndani hakukuwa na silaha hata moja. Walimwona kwenye kamera, wakaweka fanicha nyuma ya mlango. Alipiga risasi kufuli, akarusha vilipuzi, akasukuma. Mlango wa mbao ulikataa. Aliua watu wawili nje, mama aliyekuwa akipita na kijana katika duka la kebabu, na msiba wao haupungui kwa sababu wengine walipona. Lakini wale zaidi ya 50 walirudi kwa watoto wao kwa sababu fundi fulani alifanya kazi yake vizuri na mtu fulani alikumbuka kufunga.

Huko Pittsburgh, rabi Jeffrey Myers alikuwa na simu mfukoni siku ya Sabato, kinyume cha desturi yake, kwa sababu mkufunzi wa usalama alikuwa amemsihi miezi iliyotangulia. Kwa simu hiyo aliwaita polisi.

Huko Colleyville, Texas, tarehe 15 Januari 2022, mgeni alibisha hodi asubuhi ya baridi. Rabi Charlie Cytron-Walker alimfungulia na kumpikia chai. Baadaye, akiwa ameelekea Yerusalemu katika sala, mgongo kwa mgeni, alisikia mlio wa bastola ikiandaliwa. Walishikwa mateka kwa muda wa saa kumi na moja hivi. Mmoja aliachiwa mapema. Waliobaki waliokoka kwa kuwa rabi alikuwa amefundishwa: ajisogeze taratibu karibu na mlango wa kutokea, awasogeze na wenzake, asubiri upungufu wa yule mtu. Alipouona, alimrushia kiti, wakakimbia wote. Kuna watu waliomlaumu kwa ile chai. Mimi simlaumu. Mgeni wa baridi hupewa kitu cha moto. Yeye alijua kukaribisha na alijua kutoka, na hayo mawili ndiyo ninayotaka uyajue.

Ninaloliogopa zaidi kwako, mwanangu, ni polisi wakifika. Nimekuwa polisi. Ukifika mahali risasi zinalia hujui nani ni nani. Unaona mtu, unaona chuma mkononi mwake, unaamua kabla hujavuta pumzi ya pili.

Tarehe 30 Novemba 2023, kwenye kituo cha basi Yerusalemu, washambuliaji wawili waliwapiga watu risasi. Raia mmoja, wakili anayeitwa Yuval Castleman, alisimamisha gari lake, akavuka barabara na bastola yake ya halali, akawakabili. Wanajeshi walipofika walimdhania kuwa mmoja wa wauaji. Alitupa bastola. Alipiga magoti. Alifungua koti waone hana kitu. Aliinua mikono. Alipigwa risasi na akafa. Ni Myahudi, mjini Yerusalemu, mikononi mwa watu wake mwenyewe.

Na mwaka 2018, wiki mbili baada ya Pittsburgh, katika mji wa Robbins karibu na Chicago, mlinzi Mweusi wa miaka 26, Jemel Roberson, alikuwa amemlaza chini mtu aliyepiga watu risasi katika baa aliyokuwa akiilinda. Polisi aliyefika alimuua yeye, mlinzi.

Na Manchester, Uingereza, tarehe 2 Oktoba 2025, Siku ya Upatanisho tena, waumini waliushikilia mlango kwa miili yao mshambuliaji asiingie. Polisi walimpiga mshambuliaji risasi. Watu wawili wa sinagogi walikufa siku ile, na mmoja wao aliuawa na risasi ya polisi. Polisi wale hawakuwa wabaya. Risasi ikishatoka haina wa kuirudisha.

Wewe ni kijana Mweusi, mgeni, lafudhi yako ni ya Mombasa. Nakuona umesimama mlangoni pale na bastola mkononi, magari ya polisi yanafunga breki. Hapo ndipo usingizi wangu unapokatika.

Sasa ile ya nyumbani.

Nimekusimulia habari nyingi za kazi yangu. Hii sikuwahi. Katika stesheni moja nilikuwa na mwenzangu, askari mtulivu, mwaminifu. Nyumbani kwake mambo yalikuwa yameharibika na sote tulijua. Jioni moja alikuja dirishani kuchukua silaha ya lindo la usiku. Jina lake lilikuwa kwenye orodha. Daftari lilikuwa sawa. Niliona hakunitazama usoni. Niliona mkono wake umekawia juu ya kalamu. Kulikuwa na foleni nyuma yake, na mimi nilikuwa na haraka ya kufunga hesabu. Nikampa. Hakufika kwenye lindo.

Hakuna aliyenilaumu. Nilifanya kila kilichoandikwa. Ambacho hakikuandikwa ni kumwambia, ndugu yangu, kaa kidogo, umekula? Tangu siku ile nilikuwa natazama uso kwanza, daftari baadaye. Niliwarudisha wengine nyumbani bila silaha, wakanikasirikia, na baadhi yao wana wajukuu leo.

Kwa hiyo hesabu hizi sizisomi kama mtu mwingine. Mwaka 2021 Marekani ilizika watu zaidi ya 48,000 waliokufa kwa bunduki. Zaidi ya 26,000 kati yao walijiua wenyewe. Watu wananunua bastola kwa kumwogopa mtu wa nje, na mara nyingi zaidi inamgeukia aliyemo ndani. Wanaojaribu kujiua kwa bunduki, karibu tisa katika kila kumi hawaponi. Na wengi wa wanaonusurika jaribio, kwa njia yoyote ile, hawafi kwa kujiua baadaye. Saa ile mbaya hupita, ikiwa hakuna chuma karibu.

Waisraeli wenyewe waliligundua hilo. Jeshi lao lilikuwa likiwaruhusu vijana waende nyumbani mwisho wa juma na bunduki zao. Mwaka 2006 wakabadilisha utaratibu, wengi waache silaha kambini. Vifo vya kujiua jeshini vilipungua kwa kiasi cha asilimia 40, na upungufu mkubwa ulikuwa wa siku hizo hizo za mwisho wa juma. Nchi yenye maadui pande zote iliona ni salama zaidi kijana wake alale bila bunduki chini ya kitanda.

Wewe umeniambia mwenyewe kwamba majira ya baridi huko hukulemea. Kwamba kuna wiki hutaki kuinuka. Sikukusema wakati ule na sikusemi sasa. Nakukumbusha tu. Na ikikulemea usiku ambao sisi huku tumelala, huko kuna namba 988 ya kupiga. Piga hiyo, halafu uniamshe na mimi. Mimi siudhiki kuamshwa.

Na mjukuu wangu amefika umri wa kupanda viti. Hakuna mahali pa juu kwa mtoto wa umri ule. Unayemdhania haoni, anaona ufunguo unapowekwa.

Ikiwa hata baada ya haya utaamua siku moja kumiliki, basi jenga ukingo kabla ya kununua. Sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa skrubu, iwepo nyumbani wiki kadhaa kabla ya bastola. Risasi zikae mbali nayo. Mkeo ajue, akubali, na awe na haki ya kusema iondoke bila kujieleza. Rafiki mmoja awepo wa kumpelekea uihifadhi ukiwa katika siku mbaya. Na karatasi zako za ukaazi zikaguliwe na mwanasheria kwanza. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya nchi ile, mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, na kosa hilo hufungisha watu na kuwarudisha makwao. Kuhusu kubeba ndani ya nyumba ya ibada, sheria za majimbo hazifanani. Usimsikilize muuza duka katika hilo.

Kuna masinagogi yaliyoamua kuwa na silaha, nami sitawahukumu. Lakini waulize wanavyofanya. Utakuta waliofanya vizuri wamechukua polisi wastaafu au wanajeshi, wanaorudia mazoezi kila baada ya muda, wanaojulikana kwa sura na kituo cha polisi cha eneo, na hao hawana kazi nyingine siku ile. Hawabebi viti.

Wewe una kazi nyingine, na ni kubwa. Siku ya kikao waambie kamati hivi, kwa adabu, na uwaandikie pia. Mlango wa mbele ufungwe ibada ikishaanza, na awepo mtu wa kuufungua, si kuachwa wazi kwa jiwe kama nilivyoukuta. Kioo cha pembeni kibandikwe utando wa kuzuia kisivunjike upesi. Serikali yao ina ruzuku ya usalama kwa nyumba za ibada, inalipia milango na kamera. Ombeni. Mlango wa nyuma uwe unasukumika kutoka ndani hata na bibi wa miaka 90. Aliye zamu awe na simu, rabi akiruhusu, na kuokoa maisha kwao kunaivunja Sabato bila dhambi. Wakufunzi wa usalama wa jamii yao waje wawafundishe wote, pamoja na vikongwe, namna ya kutoka na kujificha. Nyote mjifunze kufunga jeraha linalovuja damu. Polisi wa eneo waje wanywe chai siku ya kawaida, wakuone uso, wajue jina lako.

Halafu wewe jifunze majina. Hilo ulilirithi kwa mama yako, unamkumbuka kila mtu. Jua nani huja na nani, nani hubisha vipi, gari gani si la kawaida. Msalimie kila mgeni, mtazame machoni, muulize ametoka wapi. Mwema atafurahi kuulizwa. Mwenye nia mbaya hapendi kutazamwa. Kazi hiyo haikodishwi na hainunuliwi dukani, na inachukua miaka.

Usinunue kitu chochote cha kuua katika mwezi wa hofu. Subiri sikukuu zao kuu zipite, mwaka uzunguke, milango iwe imetengenezwa, wewe uwe umekaa na wale wakufunzi. Hofu ikiwa imebaki na sababu zake zimebaki, tutazungumza tena, wewe na mimi na mkeo.

Kwa swali la Jumapili, jibu langu ni hapana. Hapana kwa ile ya kiunoni, na hapana kwa ile ya nyumbani. Waambie kamati baba yako amekukataza, kama ni vigumu kusema mwenyewe. Mimi nimezoea kukasirikiwa dirishani. Na usitie saini fomu yoyote kabla hujanipigia.